Fikra zinazomfunga msanii na namna ya kuzilegeza

Sentensi moja inaweza kumsimamisha msanii wa kijijini. "Mimi sikusoma." "Umri umenipita." "Huku kwetu nani atanisikia?" "Bila studio huwezi kutoka." Wasanii wanaotuletea kazi zao redioni, wakiwemo waimbaji wa kwaya, watunzi wa ngoma, wachoraji wa mabango na vijana wa singeli na bongo fleva, hutuambia sentensi hizi kila mara. Nyingine ni za kweli. Nyingi zimerudiwa mpaka zikaonekana kweli.

Katika makala hii tunaeleza maana ya fikra zinazofunga na zinakotoka. Tunaeleza pia namna wasanii wa hapa kwetu Kanda ya Ziwa na wa sehemu nyingine walivyokabiliana nazo, na mambo ambayo msanii wa Mugango, Majita, Bunda au Butiama anaweza kujaribu bila kusubiri fedha nyingi.

Fikra inayofunga ni nini?

Ni imani ambayo mtu anayo juu yake mwenyewe au juu ya kazi yake, na ambayo inamzuia kujaribu. Alama yake kubwa ni kwamba haijapimwa. Mtu anasema "watu hawataki nyimbo za Kijita" wakati hajawahi kupiga hata mmoja mbele ya watu. Mwingine anasema "kuchora ni kipaji cha kuzaliwa" wakati hajawahi kuchora kila siku hata kwa mwezi mmoja.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Carol Dweck, alieleza jambo hili katika kitabu chake *Mindset* cha mwaka 2006. Anatofautisha mtazamo wa aina mbili. Mtu wa mtazamo wa kwanza anaamini uwezo wake umeshapimwa na hauongezeki, kwa hiyo akikosea anaona siri yake imefichuka. Wa mtazamo wa pili anaamini uwezo hukua kwa mazoezi, mbinu na msaada wa wengine, kwa hiyo akikosea hujiuliza ajifunze nini.

Jambo hili si geni kwa wavuvi wa ziwa letu. Anayevua dagaa hutegemea usiku wa giza na mwanga wa taa. Zamani ilikuwa karabai, na sasa wengi wanatumia taa za betri na sola. Mwezi ukiwa mkubwa, dagaa hawafuati taa vizuri, kwa hiyo mvuvi hupumzika au hutengeneza nyavu. Sangara nao wanahitaji wavu wenye matundu mengine. Mvuvi anajua anachotaka, ila habaki na chombo kilekile kwa ukaidi. Msanii naye anahitaji kujua lengo lake ni lipi na njia yake ni ipi, ili njia ikikwama asidhani lengo limekufa.

Jirani yetu wa Ukerewe: Aniceti Kitereza

Ukitoka Kisorya, Wilaya ya Bunda, unapanda kivuko hadi Rugezi, na hapo umeshafika Ukerewe. Huko ndiko alikoishi mtu ambaye tunadhani kila msanii wa pande hizi angepaswa kumjua.

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Alisoma kwa wamisionari na baadaye katika seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, ambako alijifunza lugha za kigeni zikiwemo Kilatini na Kijerumani. Aliona maisha ya Wakerewe wa zamani yanasahaulika: namna walivyolima, walivyovua, walivyooa, walivyotibu wagonjwa na walivyopokea wageni. Akitiwa moyo na Padri Almas Simard kutoka Kanada, aliamua kuyaandika kwa njia ya hadithi. Hadithi yake inahusu mume na mke, Myombekere na Bugonoka, wanaopendana lakini wanasumbuliwa kwa kukosa mtoto.

Aliiandika kwa Kikerewe na kuimaliza mwaka 1945. Ukawa ndio mwanzo wa matatizo. Hakupatikana mchapishaji wa kitabu kirefu katika lugha yenye wasomaji wachache. Miaka ikapita, mswada umekaa.

Angeweza kusema mojawapo ya mambo mawili. La kwanza: "Kikerewe hakifai, nimepoteza muda." La pili: "Wasipokichapa kwa Kikerewe, basi kisichapwe kabisa." Ya kwanza ni fikra ya kujidharau, na ya pili ni fikra ya kukaza shingo. Hakushika hata moja. Akiwa na zaidi ya miaka 70, na baada ya kushauriwa na watafiti wa Marekani, Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, waliofika kisiwani, alikaa chini na kukitafsiri mwenyewe chote kwa Kiswahili.

Kitabu kilichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, katika juzuu mbili. Ilikuwa miaka 35 tangu amalize kukiandika. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla ya kukishika mkononi.

Hatutaki kuficha mwisho huo. Mara nyingi watu wanaozungumzia kujiamini huahidi kwamba ukibadilisha fikra, mafanikio yatakuja. Kitereza alibadilisha njia, na bado hakuyaona matunda yake. Lakini kitabu kipo. Kilitafsiriwa kwa Kijerumani, na mwaka 2002 kikatoka kwa Kiingereza kwa kazi ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi ambaye naye ni mtu wa Ukerewe. Kama Kitereza angebaki na sentensi "wachapishaji hawaitaki lugha yangu", leo tusingekuwa na maelezo yale ya maisha ya watu wa ziwa hili kabla ya mambo kubadilika.

Kwa msanii anayeimba Kijita, Kikwaya au Kizanaki, kisa hiki kinasema mambo mawili kwa pamoja. Lugha ya nyumbani inabeba kazi kubwa, maana Kitereza alianza nayo na ndiyo iliyompa hadithi. Na kuipeleka kazi hiyohiyo katika lugha ya watu wengi zaidi si kuisaliti.

"Hivi ndivyo inavyotakiwa"

Kuna fikra nyingine inayofunga, na hii huvaa nguo za heshima. Inasema: "Sanaa hii ina sheria zake. Ukizivunja, hiyo si sanaa."

Ukerewe hiyohiyo ilimtoa Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa kijiji cha Namagondo mwaka 1944. Wakati anaanza kuandika, ushairi wa Kiswahili uliojulikana ulikuwa wa vina na mizani. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alikuwa amechapisha kitabu kinachoeleza sheria za kutunga mashairi, na wengi waliamini kwamba utungo usiofuata sheria hizo hauna haki ya kuitwa shairi. Kezilahabi alitoa diwani yake ya *Kichomi* mwaka 1974, ikiwa na mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Ukazuka ubishi mkali kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko.

Leo mashairi ya aina zote mbili yanasomwa na wanafunzi wetu wa sekondari. Vina na mizani havikufa kwa sababu Kezilahabi aliandika vingine. Nyumba ya ushairi iliongezwa chumba. Naye hakuigeuza njia yake mpya kuwa gereza jingine. Baada ya riwaya za maisha ya kawaida kama *Rosa Mistika* ya mwaka 1971, miaka ya 1990 na 1991 alitoa *Nagona* na *Mzingile*, riwaya fupi za mafumbo zisizofanana na zile za mwanzo.

Butiama nayo ina mfano wake. Mwalimu Julius Nyerere alikulia katika Kizanaki, na alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na miaka kama 12. Kiswahili kilikuwa kwake lugha ya kujifunza. Hata hivyo mwaka 1963, akiwa Rais mwenye kazi nyingi, alichapisha tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare, *Julius Caesar*. Mwaka 1969 ikafuata *Mabepari wa Venisi*. Wapo waliodhani Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya amri tu, isiyoweza kubeba fasihi nzito ya dunia. Badala ya kubishana nao kwa maneno, aliwawekea kazi mezani.

Hapo pana somo dogo la kutumia. Fikra inayofunga haishindwi kwa hoja peke yake. Inashindwa kwa kazi iliyokamilika, hata kama ni fupi.

"Sina sura, sina jina, sina vifaa"

Tuvuke sasa hadi Zanzibar. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, katika familia maskini yenye asili ya utumwa. Aliuza vyungu akitembea. Hakuhesabiwa mrembo, na watu walimkejeli kwa hilo. Taarabu ya wakati ule ilikuwa burudani ya jumba la Sultani, na iliimbwa kwa Kiarabu. Mambo manne, basi, yalikuwa dhidi yake: umaskini, ukoo, sura na lugha.

Alihamia mjini, akafundishwa muziki, akajiunga na wapigaji wa ala, kisha akaimba kwa Kiswahili, lugha ya watu wa mtaani alikotoka. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, India, kurekodi santuri, na sahani zake zikasikika pwani nzima ya Afrika Mashariki. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na bado unasomwa.

Tuangalie alichofanya. Hakubadilisha ukoo wake wala sura yake, kwa sababu hayo hayakuwa mikononi mwake. Alibadilisha vilivyokuwa mikononi mwake: mahali pa kuishi, walimu, na lugha ya kuimbia.

Mfano wa pili ni Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932. Hakusomea uchoraji. Alikuwa kibarua Dar es Salaam, na mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege. Hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji. Alichukua vipande vya ubao mwembamba wa kujengea na rangi ya mafuta iliyokuwa ikitumika kupaka baiskeli, akauza picha zake huko Oysterbay. Mng'ao wa rangi ile, ambao mwalimu wa sanaa angeweza kuuita kasoro, ndio ulioifanya picha yake itambulike.

Alichora kwa miaka minne tu. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa ni mhalifu, akafariki. Lakini alikuwa amewafundisha ndugu na vijana waliomzunguka, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji unaojulikana duniani.

Kikwazo cha kweli kina namna yake

Si kila kinachomzuia msanii kiko kichwani. Hilo tunalisema wazi, kwa sababu kumwambia mtu mwenye njaa kwamba tatizo lake ni fikra ni kumtukana. Umeme unakatika. Bando linagharimu. Mama mwenye watoto wadogo, mwenye kuchota maji, kulima na kuanika dagaa, ana saa chache za kutunga kuliko kijana asiye na mzigo huo. Binti anayetaka kuimba anaweza kukatazwa nyumbani. Hivi ni vikwazo halisi.

Njia ya kuvitenganisha ni swali moja: "Hili nimeliona mwenyewe, au nimeambiwa?" Kama umeliona na kulipima, ni kikwazo, na unalitafutia njia ya kulizunguka. Kama umeambiwa tu, lipime kwanza.

Mpiga gitaa Django Reinhardt, aliyeishi Ufaransa, aliungua vibaya kwa moto mwaka 1928 na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vikakaza. Kwake "vidole havifanyi kazi" ilikuwa ukweli mtupu. Lakini "kwa hiyo siwezi kupiga gitaa" ilikuwa imani. Alijifunza upya kupiga kwa vidole viwili vilivyobaki kwa sehemu kubwa ya muziki wake, akawa mmoja wa wapiga gitaa wakubwa wa jazi. Ukweli ulikuwa mmoja, na hitimisho lilikuwa jambo jingine. Mara nyingi fikra inayofunga hujificha hapo, nyuma ya neno "kwa hiyo".

Kulegea si kuyumba

Msikilizaji anaweza kuuliza: je, kuwa mwepesi wa kubadilika ni kufuata kila mtindo unaotoka Dar es Salaam? Hapana. Anayebadilika kila wiki hana anachokifahamu vizuri.

Hukwe Zawose wa Dodoma, aliyezaliwa mwaka 1938, aliimba na kupiga muziki wa Kigogo kwa ilimba na zeze maisha yake yote. Alifanya kazi Bagamoyo, ambako chuo cha sanaa cha taifa, leo TaSUBa, kimefundisha vizazi vya wasanii. Mwaka 2002 alitoa albamu iitwayo *Assembly* pamoja na Michael Brook, mwanamuziki kutoka Kanada anayetumia gitaa na vyombo vya kisasa vya sauti. Alikubali kukaa na mtu wa muziki tofauti kabisa, na sauti yake ya Kigogo haikupotea. Alifariki mwaka 2003. Aliweza kulegeza kwa sababu alijua ni kipi hatalegeza.

Kabla ya kubadilisha chochote, basi, jua kitu kimoja ambacho hutakiacha. Inaweza kuwa lugha, namna ya kupiga ngoma, habari unazozisimulia, au watu unaowaimbia. Vingine vyote viwe wazi kwa mazungumzo.

Mambo ya kujaribu

1. Andika sentensi inayokufunga. Iandike kwenye simu au daftari kama unavyoisema moyoni. Sentensi iliyoandikwa ni rahisi kuipima kuliko inayozunguka kichwani.

2. Tafuta ushahidi. Nani alikuambia? Lini? Umejaribu mara ngapi? Ukikuta hujajaribu hata mara tatu, bado hujui.

3. Fanya jaribio dogo lenye tarehe. Usisubiri albamu. Rekodi wimbo mmoja kwa simu. Chagua alfajiri kabla ya pikipiki na jogoo kuanza, kaa chumba chenye magodoro na nguo ili sauti isirudi rudi, weka simu katika hali ya ndege ili usikatizwe na mtu anayepiga, na usiikaribie mno mdomoni.

4. Peleka kwa mtu mmoja mkweli. Asiwe wa kukusifu tu wala wa kukucheka tu. Usimuulize "ni nzuri?" Muulize "umechoka wapi?" na "umekumbuka nini?" Majibu hayo yana kazi.

5. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Lugha, au ala, au mahali pa kuonyesha. Ukibadilisha vyote kwa pamoja hutajua kipi kimesaidia.

6. Fundisha mwingine. Tingatinga alidumu kwa sababu aliwafundisha wengine. Na anayefundisha hugundua anachokijua.

7. Linda kazi yako. Kudhani "wimbo wa kijijini hauna thamani" ni fikra inayofunga ambayo pia inagharimu fedha. Haki za kazi za sanaa nchini zinasimamiwa na COSOTA, na masuala ya wasanii yako chini ya BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Pa kuanzia ni kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yako. Muulize taratibu za sasa za kusajili kazi au kikundi.

Kuhusu umri na mahali

Kuna methali mbili tunazisikia sana. Ya kwanza ni "samaki mkunje angali mbichi". Ni kweli kwamba mtoto hufundishika kwa urahisi, lakini methali hiyo isitumiwe kumfukuza mtu mzima. Kitereza alitafsiri kitabu chake akiwa mzee, na Siti alirekodi Bombay akiwa na miaka karibu 50.

Ya pili ni "mcheza kwao hutunzwa". Hii wasanii wetu wengi wameisahau, wakiamini kazi haijaanza mpaka wafike mjini. Harusi ya Mugango, mkesha wa kanisani, mahafali ya shule ya msingi, mnada na mwalo ambako wavuvi wanashusha dagaa, hayo yote ni majukwaa yenye watu wanaoelewa kila neno lako na watakaokuambia usoni kama umewachosha. Ukiyatumia vizuri, utafika mjini ukiwa umeshapimwa.

Kama unatunga, unachora, unachonga au unapiga ala, na kuna sentensi iliyokusimamisha kwa miaka, ipime wiki hii kwa jaribio moja dogo. Huenda ikawa kweli, na hapo utaanza kutafuta njia ya kuizunguka. Huenda pia ukakuta uliambiwa tu, na aliyekuambia ameshasahau.